Ni ya Pua Iliyoziba Tu

Mkunga alipostaafu hakuweza kukaa bure. Aligeuza chumba cha nyuma kuwa karakana, akawa anachanganya mafuta ya mkaratusi ya kupaka kifuani mtu akibanwa na mafua, na kitakasa mikono cha kwenye chupa za pampu. Vyote viwili alivisajili kwenye mamlaka ya dawa.

Kutangaza alimwachia mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima walimwita Kipaza. Alizunguka na spika kwenye baiskeli, na kila wiki maneno yalizidi kunenepa. Mwanzoni mafuta yalizibua pua. Haukupita mwezi, yakawa yanashusha presha na kufukuza kisukari, na aliyetumia kitakasa hatougua tena. Dada mtu, kajifungia na chupa zake, hakuwa na habari.

Alikuja kujua Jumanne moja asubuhi, alipopeleka shuka kwa fundi cherehani, shoga yake wa miaka mingi. Alimkuta ameegemea mashine, kichwa kinamgonga. Mkunga akamuuliza kama amemeza vidonge vyake vya presha. Fundi akasema aliviacha tangu wiki iliyopita.

"Si napaka mafuta yako, shoga? Kipaza katangaza."

Mkunga aliziacha shuka hapo hapo. Alimwahisha kituo cha afya, wakakuta presha iko juu kweli, wakamlaza mpaka ilipoteremka jioni.

Kesho yake alimchukua mdogo wake wakaenda kwa afisa wa mamlaka, wakaeleza yote bila kuficha. Afisa, mama mpole mwenye miwani, aliwaandikia onyo, kisha akawafafanulia kwamba tangazo halivuki kilichoandikwa kwenye kibali. Mafuta yamesajiliwa kwa pua iliyoziba, basi yaishie puani. Kitakasa kinapunguza vijidudu mikononi; kusema kinazuia magonjwa ni marufuku, na lazima watu waambiwe wakiweke mbali na moto na watoto. Akaagiza wajisahihishe mitaa ile ile.

Njiani Kipaza aliomba wabandike karatasi tu ukutani, yaishe. Dada yake akakataa.

"Mdogo wangu, fundi hakusoma karatasi. Alikusikia wewe."

Mtaa wa kwanza Kipaza alipita bila kuwasha spika. Mtaa wa pili akajikaza: "Nilisema yanashusha presha. Nilidanganya. Ni ya pua iliyoziba tu. Aliyeacha dawa za hospitali azirudie leo hii." Kinyozi akamtania kama angalau yanaotesha nywele, watu wakacheka, na Kipaza naye akacheka. Ila mzee mmoja seremala hakucheka. Alimvuta pembeni akamwambia kwamba yeye pia ameacha vidonge vya kisukari. Kipaza aliegesha baiskeli hapo hapo, akamsindikiza kituo cha afya, akakaa naye mpaka alipohudumiwa. Siku hiyo alirudi nyumbani uso umetulia, na dada yake akampakulia chakula.

Baada ya wiki mbili fundi alileta shuka mwenyewe, presha imetulia, vidonge vyake mkobani. Alichukua kichupa cha mafuta chenye lebo mpya, akaisoma herufi kwa herufi, akapiga chafya.

"Haya, yananifaa au hayanifai?"

"Una mafua?" mkunga akauliza.

"Tangu juzi."

"Basi kaa nikupake."