Bampa za Mama Pacha

Mama Pacha alizalisha watoto kwa miaka thelathini na minne, na miaka ishirini na miwili ya mwisho alikwenda kazini kwa gari la spoti. Waliomwona kwa mara ya kwanza akishuka kwenye kigari chekundu cha viti viwili, amevaa sare nyeupe na mkoba wa kazi mkononi, walidhani kaliazima kwa mtoto wa tajiri. Kumbe lilikuwa lake. Aliuziwa na daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa akihama, na daktari huyo aliliachia kwa bei ya kutupa kwa sababu mkewe alijifungulia mikononi mwa Mama Pacha siku ambayo wengi walikwisha kata tamaa.

Ukilitazama ubavuni lilikuwa gari la kupendeza. Tatizo lilikuwa mbele na nyuma. Kiwanda kilikuwa kimelifunga bampa mbili nene za raba nyeusi zenye chuma kizito ndani, kwa kufuata sheria za usalama za miaka lilipotengenezwa. Matoleo ya mwanzo ya gari hilohilo yalikuwa na vibampa vyembamba vya kromu, vinang'aa kama mkufu. La Mama Pacha lilionekana kama limepigwa ngumi ya mdomo likavimba. Mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na alisema mara nyingi, hasa mumewe akiwa karibu.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi umeme, mtu mrefu asiye na haraka, ambaye akiulizwa swali gumu huanza kwa kutafuta miwani yake. Kila mkewe alipomwomba azitoe zile bampa alijibu kwamba zitakaa. Hakueleza kwa nini. Miaka minne ya kwanza walivutana juu ya jambo hilo mpaka pacha wao, waliokuwa bado shuleni, wakawa wanawaigiza mezani, mmoja akiwa mama na mwingine baba. Kisha ghafla Mama Pacha akanyamaza. Hakuomba zitolewe tena, wala hakuzitukana.

Wiki moja baada ya kustaafu, mumewe alimwita uani. Juu ya meza aliyokuwa akitengenezea pasi na redio za watu kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka. Alipokifunua, Mama Pacha aliona vibampa viwili vyembamba vya kromu, vimesuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Baba Pacha alieleza kwamba amevitafuta kwa miaka miwili. Cha nyuma alikipata kwa muuza vipuri mmoja, cha mbele kilikuwa kimetundikwa ukutani kwenye gereji kama pambo, na ilibidi awafungie umeme gereji nzima ndipo wakakiachia.

"Umevitaka miaka mingi," alisema. "Leo nakupa. Kesho tunaanza."

Mama Pacha alimkumbatia na kumshukuru kwa moyo wote. Lakini kuna jambo ambalo hakulisema.

Asubuhi walianza na bampa ya nyuma. Nyaya za taa za kibao cha namba zilipita humo, kwa hiyo Baba Pacha alizikata kwa utaratibu, akaifunga kila moja kipande cha utepe na kuandika inakokwenda, kama vile gari hilo litafanyiwa mtihani. Bolti za nyuma zilikubali bila matata. Za mbele ndizo zilizowatoa jasho. Zilikuwa nne kubwa, zimeingia kwenye chesisi, na kutu ilikuwa imezishika mpaka huwezi kujua nati inaishia wapi. Walizipiga brashi ya waya, wakazimwagia mafuta ya taa, wakazisubiri. Baba Pacha akachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu, akajibana chini ya gari, akaanza kuvuta huku uso umemwiva.

"Usisukume bado," mkewe alimwambia, amechuchumaa pembeni na kurunzi. "Pumua kwanza."

Baba Pacha alicheka mpaka spana ikamponyoka. Walipumzika, wakamwaga mafuta mengine, wakanywa chai. Mama Pacha alisema kwamba kazi hii haina tofauti na ya kwake: anayeharakisha ndiye anayeharibu. Kufika saa sita, bolti tatu zilikuwa zimelegea. Ya nne ilikatika kichwa.

Ikabidi wamwite Cheche, mchomeleaji wa nyumba ya tatu, ambaye jina hilo alilipata kwa kuunguza mashati yake yote. Alikuja na grenda yake, akawasalimia shikamoo mama, shikamoo mzee, akaikata ile bolti kwa dakika chache, kisha akasaidia kuishusha bampa juu ya vigoda viwili. Ilikuwa nzito kuliko walivyodhani. Cheche, ambaye ana mizani ya kupimia vyuma chakavu, aliibeba na mzee mpaka kwake kwa ajili ya udadisi tu, wakarudi na jibu: kilo thelathini na mbili.

"Hao ni watoto kumi," Mama Pacha alisema, "tena wenye afya."

Cheche aliaga akaenda zake kazini. Baba Pacha akaigeuza bampa, raba ikaangalia chini na mgongo wa chuma ukaangalia juu, ili aone kama kuna vipande vya kuokoa. Alitafuta miwani yake, akaivaa, akainama.

Kwa nje raba ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Lakini chuma cha ndani, upande wa kushoto, kilikuwa kimebonyea kama bakuli, kimepinda kuelekea ilikokuwa injini. Mikono miwili iliyokishikilia kwenye chesisi ilikuwa imejikunja mikunjo mikunjo. Bonde hilo lilikuwa na kutu ya zamani. Alipitisha kiganja ndani yake, kiganja chote kikaingia.

"Mama Pacha," alisema taratibu. "Hii imegonga nini?"

Mama Pacha alizima kurunzi iliyokuwa ikiwaka bure mchana huo. Akaketi kwenye kigoda na kumweleza, macho yakiwa kwenye mikono yake.

Ilikuwa miaka kumi na minane nyuma. Alikuwa amekaa zamu mbili mfululizo, kwa sababu mwenzake aliugua na mama mmoja alikuwa na mtoto aliyelala vibaya tumboni. Mtoto alizaliwa salama kulipokuwa kunapambazuka. Yeye akaingia garini kurudi nyumbani, akafungua dirisha apate upepo, akaanza kuimba ili asisinzie. Alikumbuka akiimba. Kilichofuata ni kishindo, na mkanda umembana kifuani, na nguzo ya zege ya ukingo wa daraja dogo imekatika mbele yake. Nyuma ya nguzo hiyo kulikuwa na korongo. Magurudumu ya mbele yalikuwa hatua moja kutoka ukingoni.

Alirudisha gari nyuma, akashuka. Alitegemea kukuta uso wa gari umesagika. Raba ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake kama haikuguswa, imebaki na alama ya chokaa tu. Aliifuta kwa pindo la sare yake. Akarudi nyumbani polepole, akachemsha chai, akawaamsha watoto waende shule.

"Mbona hukuniambia?" mumewe aliuliza.

"Ungenikataza kwenda zamu za usiku."

Baba Pacha hakubisha. Aliinuka akaenda kwenye bomba la uani, akanawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu, na mkewe aliyetazama mgongo wake alijua kwamba hanawi mafuta. Alimwacha. Kwa miaka yote ile alikuwa amejiandaa kwa hasira yake, na sasa alitamani ingekuja, kwa sababu ule mgongo uliokuwa ukitikisika kidogo ulimwuma zaidi.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaketi kwenye kigoda cha pili, bampa ikiwa katikati yao.

"Nilijiuliza sana kwa nini uliacha kuzitukana," alisema.

"Ningezitukanaje tena?" Mama Pacha akamshika mkono uliokuwa bado na maji. "Nimekuwa na deni la asante kwako miaka kumi na minane. Kama ungenisikiliza ukazitoa, wale watoto ungewalea peke yako. Kila nikikaa kwenye usukani nilisema asante kwa kuwa ulikataa, ila nilisema moyoni. Leo nakwambia kwa mdomo."

Baba Pacha alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilionekana kwamba kuna jambo linamsumbua, na mwishowe alilitoa. Alisema hastahili shukrani hiyo. Hakuwa amekataa kwa busara yoyote. Siku ya kwanza kabisa alipoombwa, alichungulia chini ya gari, akaona hali ya zile bolti, akaogopa kuanza kazi ambayo hatajua kuimaliza. Akasema zitakaa. Kisha akaona haya kubadili neno.

"Ulikuwa uvivu tu, Mama Pacha. Uvivu na kiburi."

Mama Pacha alimkodolea macho. Kisha alianza kucheka, kicheko cha chini chini kwanza, halafu kikampanda mpaka akashikilia mbavu, machozi yakimtiririka. Mumewe naye akashindwa kujizuia. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta kuona kuna nini, akawakuta wazee wawili wenye mafuta mpaka viwikoni wameegemeana juu ya chuma kikuukuu.

"Basi naushukuru uvivu wako," Mama Pacha alisema alipopata pumzi. "Mungu anajua kutumia kila kitu."

Baba Pacha aliuliza kama warudishe ile nzito, kwa kuwa vya kromu ni hereni tu, havizuii kitu. Mkewe alifikiri. Akasema hapana. Zamu zimekwisha, hataendesha tena akiwa hajalala, na hii iliyopinda imekwisha fanya kazi yake. Hereni nazo zina wakati wake. Basi wakavifunga vile vya kromu, wakaziba matundu yaliyobaki, na Cheche akachukua vyuma vya zamani kwa shukrani nyingi.

Jumapili walitoka. Gari lilikuwa jepesi puani, likigeuka kabla hujamaliza kuamua, na Mama Pacha alicheka kila kona huku mumewe, magoti yakigusa dashibodi, ameshikilia mlango. Baba Pacha alimwomba mkewe ampeleke mahali penyewe. Walifika kwenye lile daraja dogo wakaegesha pembeni. Nguzo haikuwa imejengwa upya. Ulikuwepo mguu wake tu, nondo tatu zenye kutu zimechomoza, na baada yake korongo lenye mawe. Baba Pacha alisimama pale ukingoni, akatazama chini. Kisha akapima lile pengo kwa hatua zake.

Jumamosi iliyofuata walirudi na lori dogo la Cheche, mfuko wa saruji, mchanga, kokoto na mbao nne. Walikuwa wameomba ruhusa kwa msimamizi wa barabara, naye alishangaa kwamba kuna mtu anaomba kujenga badala ya kulalamika. Baba Pacha alifunga nondo mpya kwenye zile za zamani. Cheche alichanganya zege. Mama Pacha alishika timazi na kuwaambia kila mara nguzo ilipolala upande, na walimtii, kwa kuwa jicho lake halikosei.

Siku tatu baadaye mume na mke walikwenda kuzifungua mbao. Nguzo ilikuwa imesimama wima, ngumu, ya kijivu. Mama Pacha alichovya brashi kwenye kopo la chokaa, akaipaka kuanzia juu, bila haraka, na mumewe akamshikia kopo.