Sahani ya Anayechelewa

Kukunja shuka la hospitali kunataka watu wawili, hata kama hawasemeshani. Ndivyo Mama Pasi na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, walivyofanya kazi miaka miwili katika chumba cha kufulia: huyu ashike pembe hizi, yule zile, wakutane katikati, watengane, kimya kama maji ya mtungi.

Ugomvi ulianzia mezani. Majira ya baridi ya kwanza baada ya msiba, Mama Pasi alipitia kwa wifi yake akitoka kazini. Alikuta watu wamekwisha kula, isipokuwa sahani moja iliyofunikwa, mbele ya kiti alichokuwa akikalia marehemu. Wifi alitoka kwa watu wa mbali, wenye mila zao.

"Unalisha maiti?" Mama Pasi alifoka. "Kaka yangu umemfanya mzimu wa kufugwa?" Akaipindua sahani, akaondoka.

Sasa baridi ilikuwa imerudi mara ya pili, na mwisho wa juma wifi alikuwa anahamia kwa binti yake, mbali. Mama Pasi alijua kwamba wakiagana hivi, ndiyo basi tena. Lakini nani aanze?

Saa ya chai walikusanyika karibu na mashine za kukaushia, kuota joto. Fundi wa mashine alisema kwamba kwao, usiku ulio mrefu kuliko yote, hawazimi taa hata moja mpaka jua lichomoze.

"Kumbe ninyi ndio mnaomaliza umeme!" dereva wa gari la mashuka akamkatiza. Kwao, alisema, huacha viatu mlangoni, na asubuhi huvikuta na zawadi ndani.

"Kwa miguu hiyo yako, si wanakujazia gunia zima?" fundi akamrudishia.

Walipokwisha kucheka, dereva alimgeukia mjane. "Na kwenu, shangazi?"

"Kwetu, siku tunayofungua msimu wa baridi, tunapakua sahani moja zaidi."

"Ya marehemu?"

Mama Pasi alikaza macho kwenye kikombe chake.

"Marehemu atakula nini, mwanangu? Marehemu tunamwombea. Sahani ni ya mtu wa nyumbani aliyechelewa. Anafunikiwa, anawekewa kiti bora kuliko vyote, ili ajue alingojwa."

"Na asipokuja?"

"Wangu alikuja. Akaimwaga."

Dereva alidhani ni mzaha. "Ukamwacha hivi hivi? Hukumweleza?"

"Hakuuliza. Na mimi nina kiburi changu."

Mama Pasi aliweka kikombe chini. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Juu ya chakula hakukumbuka walisema nini. Wifi alipokwenda kusuuza kikombe, alimfuata.

"Wifi." Sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayejifunza kusema. "Mwaka huu siku yenyewe ni lini?"

"Leo."

"Nikichelewa je?"

"Lini uliwahi kuwahi, wewe?"

"Nisamehe, wifi yangu. Nilikuwa mjinga."

Wifi alifunga bomba, akakung'uta kikombe, akakitazama ndani kana kwamba jibu liko humo.

"Utaosha vyombo," alisema. "Vya leo, na vya mwaka ule."

Jioni, msimamizi alipoingia kutangaza kwamba kuna mzigo wa ziada na anataka mtu wa kubaki, Mama Pasi alikuwa amekwisha kuvua aproni na yuko nje, anakaza mwendo.