Bahari Iliyofungwa kwa Kuti

Yakomina alikuwa ameketi juu ya kreti la samaki pale gatini, anakula ndizi ya kukaanga na pilipili, wakati boti ya hoteli ilipoondoka kwenda Nusa Tuwale na wageni wake wenye kofia pana. Kabla hajamaliza ndizi boti ilikuwa imefika. Aliwaona wageni wakishuka na viatu mkononi, na msichana mmoja mwenye sare akiwapokea kwa madafu. Tuwale iko karibu hivyo. Asubuhi yenye hewa safi, ukisimama kwenye gati la Seram, kisiwa kikubwa cha jirani, unajua nani kafua nguo na nani kaziacha zinuke kwenye beseni.

Ndani ya kikapu chake mlikuwa na jodari aliyekaushwa kwa moshi, kahawa ya unga, na pampu ya pumu ya rangi ya buluu. Pampu ilikuwa ya mama yake, Batseba, ambaye kisiwa kizima kilimwita Oma, yaani bibi. Mina, kama walivyomwita kwa kifupi, alikuwa amevuka siku ya soko kuifuata zahanati, na akiwa bado kwenye foleni bahari ikafungwa nyuma yake.

Aliyeifunga ni Opa Elifas, yaani Babu Elifas, mlinzi wa sasi. Kule sasi ni jambo la kawaida kama kufagia uwanja. Karafuu zikiwa changa, au majongoo ya bahari wakiwa bado wadogo, mlinzi hupuliza kombe, hufunga kuti changa kwenye mti, hutaja kinachofungwa, na tangu hapo hakuna atakayekigusa mpaka mkono uleule uliofunga uje kufungua. Anayejaribu huvimba mkono. Polisi hahitajiki.

Basi kampuni ya hoteli ilikuwa imeuchukua ufukwe wa kushukia, mmoja tu usio na miamba. Ilisema wazee wamekubali, na ushahidi wake ni kwamba wazee walikunywa kahawa yake. Kweli walikunywa. Tuwale mtu akija kwako na kahawa unakunywa, kukataa ni kumtukana. Opa Elifas, aliyeongezewa kikombe cha pili, hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mwishowe akaamua kuufunga mlango wa bahari wenyewe, boti za kampuni zisipite. Alisimika mti, akafunga kuti, akapuliza kombe, akayataja maji yote kutoka kisiwani hadi gatini.

Alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Tuwale analijua: sasi humkamata anayeiheshimu. Kampuni haikuiheshimu, na wageni hawakuijua. Kwao lile kuti lilikuwa pambo, wakawa wanapiga nalo picha. Waliokamatwa ni watu wa Tuwale. Asubuhi yake Opa Elifas alilitambua kosa lake, akainuka kwenda kufungua, akaanguka kizingitini kwake akafa. Mkono uliofunga ukazikwa pamoja naye.

Mwenye ngalawa ya mashine pale gatini alikuwa La Hami, Mbutoni, yaani mtu wa kisiwa cha Buton, mwenye maneno mengi kuliko nyavu. Siku ya kwanza alimpakia Mina bila wasiwasi. Bahari ilikuwa imetulia. Walipotoka gatini maji ya mbele yakaanza kujikunjua, kama mkeka unavyokunjuliwa mgeni akiingia, na kadiri walivyokwenda ndivyo yalivyozidi kukunjuka. Tuwale ilibaki palepale, na nguo zake kwenye kamba. Mafuta yalipokwisha, La Hami aligeuza kichwa akaona gati liko nyuma yao hatua chache tu.

"Dada Mina," alisema, "mimi nimebeba mbuzi, nimebeba jeneza, nimebeba mchungaji na mkewe wakigombana. Mtu anayerefusha bahari ndiyo kwanza nimbebe leo."

"Basi nishushe. Ipeleke pampu wewe."

Akaipeleka. Peke yake alifika kabla sigara haijaisha, kwa sababu kitovu chake kilizikwa Buton. Lakini walinzi wa hoteli walimzuia kutia nanga, ufukwe ni wa hoteli na ngalawa yake si ya hoteli. Mlinzi mmoja, kijana mwenye huruma, aliipokea pampu akaipeleka mwenyewe mpaka kwa Oma Batseba. Oma aliitazama sare yake, akairudisha pampu. Alimwambia kwamba mara ya mwisho watu wa sare kuleta zawadi, ufukwe uliondoka.

Jioni hiyo Mina alimfokea mama yake kutoka gatini. Sauti hazikufungwa, kwa kuwa Opa Elifas hakuzitaja. Watu wa Tuwale waliokwama Seram walikuwa wakilala kwenye banda la mnada wa samaki, na kila jioni walisimama gatini wakazungumza na watu wao ng'ambo bila kupaza sauti, kama watu walio meza moja.

"Mama, pampu ni yangu. Nimeinunua mimi."

"Kama ni yako, si uilete?"

"Ningeweza ningeileta."

"Basi nakungoja." Oma Batseba alikuwa ameketi juu ya mwamba ulio chini ya nyumba yake, miguu ikining'inia. Kila pumzi yake ilipiga mluzi, na mluzi ule ulivuka maji ukafika kwa Mina sikioni. "Haya, kitendawili."

"Mama, usichoke kwa maneno."

"Kitendawili, wewe."

"Tega."

"Anaondoka amesimama, anarudi amelala."

Banda zima lilijua jibu la kitendawili hicho ni mti wa sago, unaokwenda kuutafuta msituni umesimama na kuurudisha nyumbani umekuwa unga kapuni. Lakini Mina alipokuwa mdogo alijibu kanisani kwamba ni baba siku ya soko, kwa sababu baba yake alikuwa akirudishwa amebebwa, tembo limemzidi. Kanisa zima lilicheka, baba mtu naye akacheka, na tangu hapo nyumbani kwao hilo likawa ndilo jibu.

"Baba siku ya soko," alisema Mina.

Oma Batseba alicheka mpaka mluzi ukakatika, akabaki akiitafuta pumzi. Pale gatini watu wote walikuwa wakivuta hewa kwa ajili yake.

Mina alijaribu kila njia. Aliogelea, akachoka akiwa bado anagusa nguzo za gati. Alijificha ndani ya boti ya hoteli chini ya maboya, na boti ile ikakimbia asubuhi nzima bila kufika, wageni wakaanza kutapika, nahodha akageuza akamwomba kwa adabu ashuke. Kila jioni mluzi ulikuwa mwembamba zaidi. Oma aliacha kutega vitendawili viwili, akawa anatega kimoja tu.

Ndipo Mina akaenda kwa Ibu Ratna, yaani Bi Ratna, mwanamke wa kutoka Java aliyekuwa akiandika wafanyakazi wa hoteli pale gatini. Aliombwa kutabasamu, akatabasamu. Ibu Ratna akamuuliza jina.

"Yakomina? Wageni watajing'ata ulimi," alisema Ibu Ratna. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua droo akatoa kibati cha jina. "Utakuwa Rini."

"Rini ni nani?"

"Aliyekuwepo. Ameolewa."

Alimvisha sare, akamchomekea kibati kifuani, akampandisha boti ya mchana. Safari hii maji hayakujikunjua. Rini alifika kabla hajajua aweke wapi mikono yake.

Alipewa vyumba vya kusafisha, akavisafisha. Kisha alipita mlango wa nyuma akapanda njia ya kijijini, pampu iko mfukoni. Kwenye kisima alikutana na Dorkas, ambaye amesimama naye bega kwa bega kwenye kwaya tangu wote wawili hawana meno ya mbele. Dorkas alimsalimia vizuri. Akamwambia hoteli iko upande ule, bibie, huku ni kwa watu.

Oma Batseba alikuwa juu ya mwamba wake, uso baharini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

"Sijapotea. Ni mimi."

Oma alimgeukia, akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, kama mtu anavyotazama kitambaa ambacho hatakinunua. "Karibu ukae. Mwamba hauna mwenyewe, hata kama kwenu huko wanasema unaye."

Mina alitoa pampu. Oma aliitikisia kichwa pampu ile hata kabla haijafika karibu, akasema anashukuru, binti yake yuko njiani anamletea ya kwake, na ikikutwa na ya hoteli itakuwa fitina. Mina akamwambia atege kitendawili. Oma alishangaa kidogo kwamba hotelini wanavijua, akatega kile kile.

"Baba siku ya soko," alisema Mina.

Oma Batseba alicheka. Alijipiga paja, akajifuta machozi, akavuta pumzi ambazo kila moja ilikuwa kazi ya kubeba mzigo. "Wewe Rini wewe! Nina binti alijibu hivyo hivyo. Akifika nitamwita mwonane, mtapatana sana."

Hapo Mina akakichomoa kibati.

Mama yake akamwona. Macho yalifunguka, mkono ukainuka, akasema, "Mina, mbona umekonda?" na Mina alinyoosha pampu amkabidhi. Lakini tayari alikuwa amesimama majini chini ya gati la Seram, sketi imelowa hadi kiunoni, pampu mkononi, na kati ya mkono wake na mkono wa mama yake kulikuwa na mlango mzima wa bahari. La Hami alimvuta juu. Akampa shati kavu.

Jioni ile Mina alisimama mwisho kabisa wa gati.

"Mama, yule Rini ni mimi. Kesho akija, pokea."

Sauti ya Oma Batseba ikaja, taratibu, neno na pumzi, neno na pumzi. "Mwanangu, yule wa kampuni alipokuja na kahawa alituambia hivyo hivyo. Alisema yeye ni sisi, na sisi ni yeye. Tulimwamini."

"Lakini huyu ni mimi kweli, mama."

"Leo nilikuona kama ndotoni, ukapotea. Ukifika, nitakujua. Mama hakosi kumjua mtoto wake."

Asubuhi Mina alirudi kwa Ibu Ratna, aliyemrudishia kibati na kumsihi asikivue ovyo, pini yake imelegea. Tangu siku hiyo alivuka kila siku akiwa Rini. Kila alasiri alikwenda kuketi kwenye mwamba. Oma Batseba alimpenda. Alimmegea sago ya kuokwa, akamfundisha kusuka kuti, akamweleza habari za binti yake: mkaidi, mwimbaji, mvivu wa kuosha vyungu. Pampu aliikataa. Siku moja Mina aliiacha kizingitini na kuondoka, ikarudi kwenye geti la hoteli kesho yake kwa mkono wa Dorkas, imeoshwa na kuviringishwa kwenye jani la mgomba, pamoja na salamu kwamba mgeni wenu amesahau kitu.

Kwenye uwanja wa kuotea jua, wageni walimuuliza msimamizi ndege gani anapiga mluzi namna ile. Msimamizi aliwaambia ni ndege wa huku huku.

Oma Batseba alifariki mchana wa Jumamosi. Rini alikuwa anatandika kitanda, na dirisha lilikuwa wazi, akausikia mluzi ukipanda, ukipanda, kisha hausikiki. Alimaliza kunyoosha shuka. Akaketi sakafuni, mahali ambapo mgeni akiingia hatamwona.

Mazishi yalikuwa kesho yake baada ya ibada. Hoteli ilipeleka shada la maua, na aliyetumwa kulibeba ni Rini, kwa kuwa ilijulikana amezoeana na marehemu. Wanakijiji walilipokea shada kwa adabu, wakaliacha nje ya uzio. Dorkas alimletea kahawa, akamwambia asimame popote. Benchi la mbele lilikuwa limejaa, isipokuwa nafasi moja, na juu ya nafasi hiyo palikuwa na kitabu cha nyimbo. Mzee mmoja asiyeona vizuri alitaka kukaa pale, Dorkas akamshika mkono.

"Hapo pana mtu, babu. Binti yake yuko njiani."

Kwaya ilipoanza, waliokwama gatini walijibu kutoka ng'ambo, na sauti zao zilifika vizuri, kwa kuwa hazikufungwa. Ilipungua sauti moja. Watu wakasema Mina haimbi kwa sababu analia.

Rini alikuwa amesimama nyuma ya ile nafasi, karibu kiasi cha kuweza kuisoma namba ya wimbo kwenye kitabu. Hakuimba, maana mgeni hajui nyimbo za watu. Pampu ilikuwa mfukoni. Chini, kwenye mlango wa bahari, kuti la Opa Elifas lilikuwa limekauka, na boti ya alasiri ilikuwa imeshatoka gatini. Alisubiri udongo wa kwanza uanguke. Kisha akashuka upesi, kwa sababu boti ile haichukui muda kufika, na zamu ya kupokea wageni kwa madafu ilikuwa yake.