Nyumba ya Mama Juu ya Lori

Mume wangu Kingori aliipenda minyororo yake kuliko alivyonipenda mimi, na sisemi hivyo kwa wivu. Minyororo ilipakwa grisi kila Jumamosi; mimi mafuta ya kujipaka nilijinunulia. Lori lake lilikuwa la sakafu tupu, halina kuta, na madereva wenzake wa malori kama hayo walifunga mizigo kwa kamba za katani. Kingori aliwacheka. Kamba ikinyeshewa inakazika, jua likitoka inalegea, na mzigo unashuka barabarani kumtafuta mwenyewe.

Mwaka wa sabini na tatu mama yangu alipata shamba Endarasha, akataka kuhama Ruring'u na nyumba yake ya mbao, vyumba viwili, ikiwa nzima. Kingori alishauri ibomolewe. Mama akakataa katakata, kwa sababu jirani yake alibomoa yake na mbao zikaishia kuwa zizi la mbuzi. Baba, aliyeijenga kwa mikono yake, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ikivunjika, Mama hakuwa na nyingine, wala hakutaka nyingine.

Basi wanaume wakaiinua kwa magogo mpaka ikapanda lori. Kingori akaweka vipande vya tairi kuukuu kwenye kona ili mnyororo usile mbao, akapitisha mmoja dirishani mwa sebule na kuufunga kwenye maboriti ya sakafu. Wa pili ulipaswa kupita chumba cha kulala. Hapo dereva wangu hodari akaanza kujikuna shingo. Kwetu mwanamume haingii anakolala mama mkwe wake, hata nyumba ikiwa juu ya lori. Na minyororo yake, kama mnavyomjua sasa, hakuruhusu mtu mwingine aishike.

"Hiyo moja inatosha," akasema.

Haukutosha, na alijua. Tukaondoka tumeketi watatu mbele, mimi katikati ya Mama na Kingori. Kwa heshima, wakwe hao walisemezana kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Monicah, uliza dereva hii haraka yote ni ya kwenda wapi."

"Mwambie Mama niko kwa gia ya pili."

"Ati ya pili. Mwambie kuna ya kwanza."

Tulipopita Mweiga na kuanza kupanda, tukasikia mbao zikilia. Kingori akasimamisha lori. Upande wa chumba cha kulala ulikuwa umesogea hadi ukingoni, kona moja ikining'inia hewani. Mama akajishika mdomo. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa, na nikaogopa kuliko yeye.

Kingori akanipa mnyororo wa pili kwa shingo upande, nikaingia. Nikavuta hadi kucha ikakatika, lakini haukukazika. Yeye alisimama nje akinielekeza huku macho ameyaelekeza Mlima Kenya, eti anafunga nyumba.

Mama akageuka, akalipa lori mgongo.

"Mwambie mimi siko hapa," akasema. "Na afanye haraka kabla sijarudi."

Kingori akaingia amefumba macho. Nilimsikia akijigonga huku na huku, kisha mnyororo ukakazika na nyumba ikatulia. Akatoka na nundu kwenye paji la uso, akaapa kwamba hakuona kitu. Nilimwamini.

Tulifika Endarasha salama. Mama alipanda kuikagua nyumba yake, akakawia, nikamfuata. Mnyororo haukuwa kwenye boriti. Kingori alikuwa ameuzungusha kwenye mguu wa kitanda. Kitanda hicho Baba alikitengeneza mwenyewe, akakipigilia sakafuni kwa misumari mirefu ili kisitembee, na miaka yote ile Mama alimgombeza kwamba hawezi kufagia vizuri chini yake. Kilikuwa kimevutwa mlima mzima na hakuna msumari uliong'oka. Mama alikuwa ameketi juu yake, analia na kucheka pamoja.

"Nifungue?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Akachungulia dirishani, akamwita mkwewe yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu, kwa jina la mtoto wetu.

"Baba Wamucii, ingia ufungue. Na ufungue macho pia. Mwenye hii kitanda angetaka uone kazi yake."