Pweza wa Bi Mwatumu

Badru wa Chumbageni alikuwa mtu wa kutegemewa. Akiahidi kuja, anakuja. Akiazima ngazi, anairudisha. Lakini mtajie netsuke, uone macho yanavyomtoka.

Netsuke ni vinyago vidogo vya Kijapani, kila kimoja kinajaa kiganjani kama ndimu. Wajapani wa zamani walivaa majoho yasiyo na mifuko, kwa hiyo vikoba vyao vya tumbaku walivining'iniza kwa uzi uliopita nyuma ya mshipi, na juu ya mshipi kikakaa kinyago kuuzuia uzi usichopoke. Badru aliviona mara ya kwanza mjini Kobe, enzi zile akiwa fundi wa injini melini, na tangu siku hiyo hakupona. Sasa alikuwa amestaafu, na vinyago vilikuwa vimejaa kabati la sebuleni: chura aliyekalia kandambili, panya anayeng'ata mkia wake mwenyewe, vipofu wanaogombania jiwe. Vyote vya mti au vya pembe ya nyati. Vya ndovu hakutaka hata kuvisikia, maana alipenda kulala nyumbani kwake, si kituo cha polisi.

Mkewe, Asmahani, alikuwa akilifunika kabati lile kwa kitambaa kila wageni walipokuja. "Mtu mzima na mvi zake," alisema, "anacheza madoli."

Mtu pekee aliyemwelewa Badru alikuwa Fanueli wa Pongwe, aliyewahi kuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge. Badru ndiye aliyemwambukiza. Kila Jumamosi walikaa kibarazani wakipokezana kioo cha kukuzia, wakisifiana kwa mdomo na kuoneana wivu moyoni.

Basi siku moja Hafsa, binti yake Badru aliyekuwa muuguzi wa zahanati kule Moa, akatuma picha kwenye simu. "Baba, huyu si ndugu yao wale wa kabatini?"

Picha ilionyesha kiuno cha bibi mmoja wa pale Moa, mjane aitwaye Bi Mwatumu. Ufunguo wa nyumba ulifungwa kwenye kamba, kamba ikapita ndani ya kibwebwe cha kanga, na juu yake akachungulia pweza wa mti mwenye rangi ya asali, amekumbatia chungu kwa mikono yote minane kama mtu aliyegoma kuhama.

Laiti Badru angenyamaza! Lakini raha ilimshinda, akamwonyesha Fanueli na kumtajia mwenye pweza. Fanueli akavaa miwani, akaitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Kizuri kizuri," kwa sauti ya mtu asiyejali. Badru aliifahamu sauti ile.

"Kesho tunakwenda Moa," alimwambia mkewe.

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Arusi?"

"Kuna pweza."

"Pweza si yupo sokoni hapa?"

"Wa mti, Mama Hafsa. Na mwenye nyumba ni mjane, siwezi kuingia peke yangu. Watu watasemaje?"

Asmahani alikubali kwa sababu ya kumwona mwanawe tu. Walidamka, wakapanda basi, kisha bodaboda mbili. Walipopiga hodi kwa Bi Mwatumu, sauti iliyowaitikia ilikuwa nzito kidogo kwa mjane.

"Karibu, Badru," alisema Fanueli, ameketi mkekani na sahani ya mkate wa kumimina mapajani. "Umechelewa."

Bi Mwatumu alitoka ndani, mzee mwembamba mwenye macho ya ucheshi. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na pweza akacheza kiunoni mwake. Alisema marehemu mumewe, baharia, alimpata pweza huyo kwa kucheza karata na Mjapani. Miaka mingi alikaa sandukuni, mpaka ufunguo ulipozidi kudondoka.

"Unajua una nini hapo, Bibi?" Badru alimwuliza.

"Ufunguo."

Hapo ndipo wanaume wale wawili walipoanza. Badru akaeleza mti, rangi, na matundu mawili ya uzi. Fanueli akamkatiza akaeleza macho ya pweza, kwamba ni ya pembe. Badru akasema mchongaji ni wa Osaka, Fanueli akasema wa Kyoto. Walikuwa hawajafika popote pale Asmahani alipochoka, akajifunga kanga vizuri, akaenda uani. Alimkuta Bi Mwatumu, aliyekuwa amewatoroka kimyakimya, anakuna nazi.

"Nipe mimi hiyo mbuzi, Mama," alisema.

"Hao wawili wana nini?"

"Wagonjwa. Wangu amelifanya kabati la sahani zangu kuwa wodi."

Bi Mwatumu alicheka mpaka akashika mlango. Naye akamweleza vituko vya marehemu, aliyewahi kurudi safari na viatu vya kushoto vitupu, na Asmahani akacheka mpaka machicha yakamwagika. Sebuleni hoja ya Osaka ilikuwa ingali motomoto.

Walipokwisha kula, Bi Mwatumu alifungua kamba kiunoni. Badru na Fanueli walinyanyuka pamoja. Bibi akawapita wote wawili, akamtia pweza mkononi Asmahani.

"Mimi nimeshapata pini kubwa ya kushikia ufunguo. Huyu ni wako, mwanangu. Umenichekesha."

Njia nzima ya kurudi Badru alikuwa mpole kama maji ya mtungini. "Mama Hafsa, tutamweka rafu ya juu, katikati."

"Tutamweka nani?"

Siku chache baadaye, kwenye arusi moja kule Pongwe, Asmahani alivaa dera lake jipya, akajifunga mshipi, akatundika kikoba cha simu, na pweza akakaa juu kama mwenye mtaa. Wanawake walimzunguka. Badru alimchungulia kutoka upande wa wanaume, roho mkononi. "Pweza ana mafuta ya pilau!" alimnong'oneza Fanueli.

Nyumbani Badru alijaribu kubadilishana na mkewe: achague chochote kabatini, hata vipofu. Asmahani alikataa. "Vyako vimelala. Wangu ana kazi."

Wiki iliyofuata akafunga safari ya Moa, kumtembelea shoga yake. Badru alimsindikiza mpaka mlangoni. "Basi niachie pweza."

"Na simu yangu aishike nani?"

Mchana simu ya Badru iliita, ya kuonana kwa video. Fanueli, aliyekuwa naye kibarazani, akasogea mpaka mashavu yakagusana. Kwenye kioo walimwona Bi Mwatumu anamning'iniza pweza kwa uzi wake, nyuma yake Asmahani anacheka.

"Shemeji, mgeuze!" Fanueli alisihi. "Kuna sahihi chini, tuone ni ya Osaka au Kyoto!"

Pweza akaanza kugeuka, taratibu. Wanaume wakakodoa macho. Kisha kukasikika kicheko, na simu ikakatwa.