Kilomita Nne Kwenda Juu

Jumatatu asubuhi, mwaka 1997, Niyonzima alipiga kigingi cha kwanza kwenye ufa wa jabali lililo nyuma ya kambi ya wakimbizi, upande wa Kibondo. Mgongoni alibeba antena. Redio ya upepo ya ofisi ilikuwa haisikiki Kasulu, na wakubwa wakaamua dawa ni antena kukaa kileleni. Wenyewe wana vitambi, kwa hiyo wakamtuma mkimbizi aliyewahi kurina asali magengeni kwao Burundi.

Kazi alijifunza hukohuko ukutani. Unagonga kigingi, unatundika ngazi ya kamba, unapanda vipandio vitatu, unagonga kingine. Kigingi kilichoshika huimba, sauti ikipanda kwa kila pigo la nyundo. Kinachodanganya hulia kama sufuria iliyotoboka. Cha tatu kilimdanganya, akaning'inia kichwa chini robo saa nzima, huku karani Bazilio akimfokea kutoka chini asichezee mali ya ofisi.

Alilala kwenye turubai aliyoitundika ukutani. Kulipokucha jabali lilikuwa limerefuka kutokea chini, kama muhindi baada ya mvua, likamnyanyua yeye na turubai yake, na kilele kikabaki mbali vilevile. Kamba aliyoiangusha hadi chini nayo ilirefuka, ingefanyaje? Kesho yake hivyohivyo. Watu waliangalia, wakaendelea kuchambua maharage.

"Jiwe hili halitaki kukanyagwa kichwani," alisema Theodosia, mkewe, akamfungia viazi kwenye kamba avute.

Siku ya tisa ikawa siku ya kuhesabiwa. Asiyehesabiwa hufutwa kwenye kadi ya posho, na dirisha hufungwa saa nane mchana. Theodosia alipanga foleni na watoto watatu, akafika dirishani, akaonyesha juu.

"Baba watoto yule pale."

Bazilio alivaa miwani, akatazama. Niyonzima alimpungia mkono. Bazilio naye akapunga, maana adabu anayo, kilichopungua ni akili. Kisha akaipima kamba.

"Kilomita nne na mita hamsini. Mkimbizi havuki kilomita nne kutoka kambini bila kibali."

"Yoo! Si nyinyi mmemtuma?"

"Tulimtuma kileleni. Kileleni hajafika, na kambini hayupo. Huo ni utoro."

"Basi mpe hicho kibali."

"Aje mwenyewe hapa dirishani, kabla ya saa nane."

"Bwana karani, si unamwona kwa macho yako?"

"Kumwona si kumhesabu, mama. Mpanda ngazi hushuka."

Saa nane akafunga dirisha, akawasha redio kutoa taarifa: Niyonzima katoroka, posho yake ifutwe. Huko juu antena ilitetemeka mgongoni kwa Niyonzima, akasikia kila neno. Kasulu nao walisikia, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili.

"Leo sauti yenu safi kabisa," Kasulu wakajibu. "Hongereni."

Wakubwa walifurahi mno. Wakaagiza antena ibaki palepale ilipo, isisogezwe hata kidogo. Ya aliyeibeba hakuna aliyeuliza, hata kwa bahati mbaya.

Theodosia alipokea maharage ya watu wanne. Nyumbani aliyapika, akayagawa mafungu matano, la tano akalifunga kwenye kamba na kuitikisa mara mbili. Baada ya muda kamba ikaanza kuvutwa.