Mahindi Yasiyokufa ya Mzee Wanjala

Mzee Jotham Wanjala alikuwa mwongo, lakini mwongo wa kupendwa. Katika kanisa lao pale Brooklyn Center, Minnesota, Marekani, Wakenya kwa Wakongo walimsogezea kiti kila baada ya ibada, wakamjazia chai, wakamwachia uwanja. Akawasimulia boga lililoota kwao Chwele, Kenya, kubwa hata kuku alihamia ndani na vifaranga wake, mama yake akawa anaokota mayai kwa ngazi. Akawasimulia miaka yake ishirini na miwili ya kuendesha gari la nyumba ya wazee huko Columbia Heights, na Januari moja ambapo kivuli chake kiliganda kwenye lami, akaondoka bila kivuli mpaka Aprili alipokirudia. Watu walicheka, wakamwongezea chai.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo akipata ukweli, na ukweli wenyewe unamchoma kooni, anaupeleka wapi?

Yote yalianza kwa ubishi wake juu ya mahindi. Mzee Wanjala aliyachukia mahindi ya madukani humu Minnesota, yale laini yenye sukari. "Haya si mahindi," alikuwa akisema. "Hii ni peremende iliyonyeshewa." Alitaka hindi gumu la kuchoma, linalolipa taya kazi. Basi Oktoba moja, kaskazini ya Blaine, aliona shamba ambalo mashine imekwisha kupita, na mahindi mengine yamebaki chini, marefu, magumu, yanang'aa kama meno ya farasi. Kwao, kuokota masazo ya shamba baada ya mavuno si wizi, mradi umepiga hodi. Akapiga hodi. Mzungu mmoja mzee mwenye kofia ya trekta akatazama magunia yake, akadhani anakwenda kulisha kulungu, akamwambia achukue tu. Hakumuuliza kitu, wala yeye hakuuliza.

Mwezi wa tano, Mzee Wanjala aligawa mbegu kama mwanasiasa anayegawa kofia. Shamba la nyuma ya kanisa likapandwa lote. Alfred, mwenyekiti wa kamati ya shamba, muuguzi aliyeishi Blaine na kufanya kazi hospitali mbili, akaamua mwaka huo hakuna kuchanganya na maharagwe wala maboga. Mistari iliyonyooka, basi.

Juni, magugu yalipoanza kuyapita mahindi, hakuna aliyekuwa na muda wa kulima. Wote walikuwa na shifti mbili mbili. Alfred alikuwa akipiga dawa ya kuua majani pembeni mwa maegesho, upepo ukaibeba mpaka kwenye mstari wa kwanza. Baada ya wiki mbili, kila kitu pale kilikuwa kimekauka, isipokuwa mahindi. Mahindi yalisimama wima, ya kijani, kama hayajasikia lolote.

"Mzee!" Alfred alimpigia simu usiku huohuo. "Hii mbegu yako umeitoa wapi?"

Na hapo ndipo alipokosea, maana angeweza kusema kweli. Lakini alikuwa Wanjala. "Hiyo?" akasema. "Ni ya babu yangu. Aliiombea siku arobaini, ndipo akaimwagia sumu ya kupe. Tangu hapo haiogopi."

Kesho yake Alfred alipiga dawa shamba zima. Mnavu uliojiotea ukafa, mchicha ukafa, vijimaua vyote vikafa, udongo ukabaki mtupu kama sakafu ya ofisi. Mahindi yakaendelea. Wakayapa jina: mahindi yasiyokufa. Mzee Wanjala akatembea mwezi mzima kifua mbele.

Upande wa uzio, nje ya mistari, kulikuwa na ukanda wa mimea mirefu yenye majani manene. Ukivunja jani, linatoa utomvu mweupe. Wenyeji huliita gugu la maziwa. Lilipandwa na Joyeuse, binti yake Emérance, mama Mkongo wa kanisa lao, miaka miwili kabla Joyeuse hajafa. Joyeuse alikuwa akilea wazee Blaine, na asubuhi moja ya barafu gari lake liliteleza kwenye barabara ya 65, asirudi. Kiangazi kile cha mahindi, vipepeo wakubwa wa rangi ya chungwa yenye mistari myeusi walikuja kutaga kwenye mimea yake, maana watoto wao hawali jani lingine duniani isipokuwa hilo. Emérance alikuja kila jioni kuhesabu viwavi.

"Mama Emérance," Mzee Wanjala alizoea kumtania, "unawanenepesha uwale kwa mafuta au kwa chumvi?"

"Papa Wanjala, hawa ni wachungu. Ukila mmoja, utasema kweli mpaka ufe."

"Basi niwekee mbali!"

Lakini siku moja alimwambia bila kucheka: "Mwaka jana waliruka vipepeo kumi na mmoja. Mimi sina kaburi la karibu la kwenda kumwona mtoto wangu. Niko na hii tu. Mwaka huu akiruka hata mmoja, mimi nitavumilia baridi."

Agosti, ikatangazwa kwamba askofu atakuja Jumapili ya mavuno. Alfred akataka shamba lionekane safi. Akapiga dawa uzio mzima.

Emérance hakupiga kelele. Alimpigia simu Mzee Wanjala, akasema, "Papa, njoo uone." Alipofika, majani yalikuwa yamegeuka manjano, yamejikunja kama vidole vya mgonjwa. Viwavi sita walikuwa juu ya mashina makavu, wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Dawa haikuwaua. Iliwanyang'anya chakula tu, wakaachwa wajifie.

"Ni mahindi yako," Emérance alisema. "Kama si mahindi yako, wangelima kwa jembe. Na jembe linaona."

Mzee Wanjala alikwenda kuchukua ndoo.

Aliwatia wale viwavi ndani, akawasha gari kutafuta gugu la maziwa. Akapanda na barabara ya 65, Blaine yote, kisha mashamba. Mahindi, soya, mahindi, soya, mpaka macho yakamuuma. Katikati ya mistari hapakuwa na jani moja lisilotakiwa. Hapakuwa na panzi. Akakumbuka kwamba zamani, akiendesha kiangazi, alilazimika kusimama kila kituo cha mafuta akwangue wadudu kwenye kioo. Leo kioo kilikuwa safi kama cha duka. Usafi huo ulimtisha kuliko ajali.

Akapiga hodi kwa mzungu wa kofia ya trekta.

"Uliyapanda?" yule mzee alishangaa. "Yale ni ya ng'ombe na ya mafuta ya magari! Mbegu yake imetiwa kitu maabara. Unaipiga dawa, haifi, vinakufa vingine vyote. Imetiwa na kingine pia: viwavi wengine wakiitafuna, wanakufa. Na hupaswi kuipanda tena, ina wenyewe kisheria."

"Na gugu la maziwa?"

Yule mzee akavua kofia, akakuna kichwa. "Nilipokuwa kijana lilijaa katikati ya mahindi, tulilifyeka kwa kisu halimaliziki. Sasa hata ukinilipa sijui nikuonyeshe wapi." Akaangalia ndani ya ndoo. "Sijawaona hawa mwaka huu."

"Wewe unajua haya, na unaendelea kupanda?"

"Na wewe," yule mzee alijibu polepole, "hukujua, na ukapanda."

Mzee Wanjala alirudi akiwa anaendesha kwa hasira, akamlaani mzungu, akamlaani Alfred, na zaidi ya wote akamlaani mjinga mmoja wa Chwele aliyedai kwamba babu yake aliombea mbegu. Mashina matatu ya gugu la maziwa aliyapata jua likizama, Columbia Heights, nyuma ya kituo cha basi mahali mashine ya kukatia nyasi haifiki. Alipofungua ndoo, wanne walikuwa wamekwisha kukauka. Wawili waliobaki hawakuweza hata kushika jani.

Jumapili ya mavuno, siku chache baadaye, kanisa lilijaa. Alfred alisimama mbele ya askofu akiwa na hindi mkononi. "Baba Askofu, tuna muujiza hapa. Mwenyewe atasimulia. Mzee Wanjala, karibu!"

Watu walianza kucheka kabla hajafika mbele.

"Hakuna muujiza," alisema. "Mahindi haya niliyaokota kwenye shamba la chakula cha ng'ombe."

Wakacheka.

"Yametengenezwa na watu, yasife kwa sumu, ili sumu iue kila kitu kingine. Tumeua mnavu wetu. Tumeua chakula cha vipepeo. Ukitoka hapa mpaka Blaine hukuti mdudu kwenye kioo cha gari!"

Nkirote, mama wa kwaya, alicheka hadi akashika mbavu. "Na kivuli, Mzee? Kivuli kilibaki Blaine?"

"Sisimulii hadithi!" alifoka. Ndipo jengo zima likaangua kicheko. Hata askofu alijifuta machozi. Katika umati ule mmoja tu hakucheka, Emérance, kwenye benchi la tatu, mkoba juu ya magoti.

Mzee Wanjala aliteremka, akapita katikati ya viti, akatoka nje. Panga lilikuwa kwenye gari.

Walianza kumsikia wakati wa wimbo. Cha! Cha! Cha! Wimbo ukafifia, watu wakamwagika nje na nguo zao za Jumapili. Mstari wa kwanza ulikuwa chini, na wa pili.

"Mzee, hicho ni chakula!" Alfred alipiga kelele.

"Cha nani? Moo! Haya, lia basi kama ng'ombe, nikupe!"

"Majirani wataita polisi, Mzee. Umeshika panga!"

"Waite! Ulipokuwa na sumu mgongoni, nani aliita polisi?"

Akaendelea kukata, jasho likamloanisha tai, akikata kama mtu anayekata ulimi wake mwenyewe. Emérance alikuja nyuma yake, akivuta mabua na kuyarundika. Mstari wa sita, wa saba. Ulibaki wa mwisho, ulio karibu na uzio. Akainua panga.

"Papa Wanjala, wacha!" Emérance alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakumdhania nazo. "Usikate hii!"

Chini ya jani la hindi, kwa kimo cha kiuno, kulikuwa kumening'inia kifuko kidogo cha kijani, na ukingoni mwake vitone vya dhahabu. Kiwavi mmoja, wa saba, alikuwa ameondoka kabla majani hayajakauka, akatembea mpaka pale akiwa ameshiba, akajitundika.

Emérance alipiga magoti kwenye udongo mkavu na gauni lake la kitenge. Alikuwa hajalia tangu siku ile majani yalipokauka. Alilia sasa.

Alfred alisogea. "Basi si tukihamishe..."

"Ukisogea tena hatua moja," Mzee Wanjala alisema, "nitasahau kwamba leo ni Jumapili."

Alfred akasimama. Watu wakasimama. Nkirote alileta ndoo akaigeuza, Mzee Wanjala akakaa juu yake, panga mapajani, uso kwa uso na bua moja la mstari wa mwisho uliobaki shamba zima, bua alilotamani kulikata kuliko yote, na ambalo sasa angelilinda siku kumi mchana kutwa, mpaka kipepeo atoke.

"Mzee," Nkirote aliuliza kwa sauti ndogo, "kwa hiyo yale uliyosema ndani yalikuwa kweli?"

Mzee Wanjala aliinama karibu na lile bua, akalinyooshea kidole.

"Usidhani nimekusamehe," akaliambia.